UKURASA WA JAMAA: Gemu Lenye Hadithi, na Jinsi ya Kulichagua

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya kutunza unga na maharage mpaka siku ya mgao. Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo wengine watasema, "Ati na hilo nalo ni la kuandika?" Ndiyo, ni la kuandika. Tunataka kuzungumza juu ya michezo ya kompyuta, yale magemu ambayo watoto wetu wanayacheza kwenye vibanda, kwenye simu za kaka zao, na sasa kwenye chumba cha vijana.

Tumefikia jambo hili kwa sababu ya mama mmoja. Alikuja kwetu siku ya soko, akakaa kwenye benchi, akasema: "Munisaidie, bandugu. Mutoto wangu anauzisha maharage juu ya gemu." Kumbe mtoto alikuwa akichota vikombe viwili viwili, anauza, na pesa anapeleka kwenye kibanda chenye televisheni na pedi mbili. Kila mchezo una bei yake, na ukishindwa unatoka, unalipa tena.

Basi sisi tunaoandika ukurasa huu tulikwenda kuona kwa macho. Tulikuta vijana zaidi ya ishirini wamebanana, na kwenye skrini ni mpira wa miguu, halafu bunduki, halafu mpira, halafu bunduki tena. Baba mmoja aliyekuwa amemfuata mwanawe alisimama mlangoni akasema kwa sauti: "Tulikimbia bunduki tukaacha mashamba na nyumba. Leo mtoto analipa pesa ili apewe bunduki?" Kijana wake hakugeuza kichwa. Alijibu tu: "Baba, kule nilikuwa ninakimbia tu. Hapa angalau pedi ninaishika mimi."

Tulirudi kimya. Baba alikuwa na haki yake, lakini na neno la kijana tulishindwa kulitupa. Mtu aliyekimbizwa huku na huku anatamani mahali ambapo yeye ndiye anaamua. Kwa hiyo tuliona kwamba kupiga marufuku peke yake hakutasaidia, maana ukimfungia mlango wa mbele atapitia dirishani. Afadhali tumsaidie kuchagua. Na katika kuchagua, tumeona kwamba jambo la kwanza la kuuliza ni hili: je, gemu hili lina hadithi?

GEMU LENYE HADITHI NI LIPI?

Sisi sote tumelelewa na hadithi. Nani hakumsikia sungura akimdanganya fisi, au mtoto yatima aliyetumwa kuteka maji kwenye mto wenye zimwi? Bibi zetu hawakusoma, lakini walijua kupanga jambo: kuna mtu, ana shida, anaondoka nyumbani, anakutana na wa kumsaidia na wa kumdhuru, anaamua, na uamuzi wake unazaa matunda. Gemu zuri ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji ndiye anayetembea katika miguu ya yule mtu.

Baada ya kucheza na kuuliza vijana, tumepata alama nne za kulitambua gemu lenye hadithi ya kweli.

Ya kwanza: mtu wa kati anatafuta kitu kingine zaidi ya pointi. Anatafuta dawa ya baba, njia ya kurudi nyumbani, mtu aliyepotea. Ukimwuliza mtoto, "Huyu wako anataka nini?" na akijibu, "Anataka kupita levo tu," basi hapo hakuna hadithi.

Ya pili: kila tendo lina matokeo. Ukimwacha mtu njiani, kuna kitu kinabadilika. Ukiiba chakula, kuna aliyelala njaa.

Ya tatu: lina mwisho. Hadithi ya bibi ilikuwa na mwisho, kisha watoto wanakwenda kulala. Kuna magemu mengi ya simu ambayo yametengenezwa yasiishe kamwe. Unayapata bure, lakini kila siku yanakuita, yanakuonyesha matangazo, yanataka ununue sarafu. Hilo ni duka lililovaa nguo za gemu.

Ya nne, na hii ndiyo tunaipenda kuliko zote: linaweza kusimuliwa jioni bila skrini. Mwambie mtoto, "Haya, tusimulie ulichocheza leo." Kama ana cha kusimulia mpaka wadogo zake wanasogea karibu, hilo ni gemu zuri. Kama anasema, "Nilipiga watu arobaini, nikafa, nikaanza tena," basi chakula hicho ni makapi.

MAGEMU TULIYOYAONA

Katika chumba cha vijana kuna laptopu mbili na umeme wa sola ambao unachoka jua likizama. Kwa hiyo hatuwezi kusema tumeona kila kitu. Tunataja machache tunayoyafahamu vizuri, ili mzazi apate mahali pa kuanzia.

Never Alone. Gemu hili lilitoka mwaka 2014, na lina jina la pili, Kisima Ingitchuna, katika lugha ya watu wa Iñupiat. Hao ni wenyeji wa Alaska, upande wa kaskazini kabisa wa Marekani, nchi ya barafu. Wazee wao waliona vijana wanaacha hadithi za kwao na lugha inakwisha. Shirika la wenyeji lijulikanalo kama Cook Inlet Tribal Council likaungana na watengenezaji wa magemu, wakatengeneza pamoja na wazee na wasimulizi karibu arobaini. Hadithi inamhusu binti aitwaye Nuna na mbweha mweupe wa barafuni, wanaotafuta tufani ya theluji isiyoisha inatoka wapi. Msimulizi anazungumza lugha yenyewe ya Iñupiat, na maneno yameandikwa chini ya skrini. Hadithi ya asili ilikuwa ya mzee mmoja msimulizi wa zamani, Robert Nasruk Cleveland, na watengenezaji walikwenda kwanza kuomba ruhusa kwa binti yake. Tulipenda sana jambo hilo, kwamba hadithi ina wenyewe. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja, mmoja Nuna na mwingine mbweha, na hakuna anayepita bila mwenzake. Kwa watoto wa shule ya msingi wenye mkubwa karibu, sisi tungeanza na hili.

Valiant Hearts. Nalo ni la mwaka 2014, limetengenezwa Ufaransa na kampuni ya Ubisoft. Linasimulia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya 1914 mpaka 1918. Kuna mzee Emile, mkulima Mfaransa, ambaye mkwe wake Karl ni Mjerumani. Vita inapoanza, Karl anafukuzwa Ufaransa, anaacha mke na mtoto mchanga, halafu anaingizwa katika jeshi la kwao. Emile naye anaitwa kwenye jeshi la Ufaransa. Basi baba mkwe na mkwe wanajikuta pande mbili za vita moja. Nani kati yetu hajui jamaa iliyogawanywa namna hiyo? Katika gemu hili kazi kubwa ni kuchimba, kubeba, kufumbua mafumbo na kuokoa watu. Kuna hata muuguzi Anna anayetibu majeruhi, na mbwa anayesaidia. Picha zake zimechorwa kama za kitabu cha watoto, lakini mzazi asidanganyike: mwisho wake ni mzito, na mtoto atalia. Tungelipa kijana wa sekondari. Hadithi yenyewe inakaa Ulaya, na hapo ninyi wazee mna kazi ya kuongeza. Vita ile ilifika mpaka kwetu: askari wa Force Publique walitoka Kongo wakaingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi walibeba mizigo yao. Kijana akishamaliza gemu, mwambieni na habari hiyo.

Aurion. Hili ni la Afrika, na tunalitaja kwa fahari. Lilitengenezwa Yaoundé, Kameruni, na kampuni ya Kiro'o Games iliyoanzishwa na Olivier Madiba, likatoka mwaka 2016. Mfalme kijana Enzo Kori-Odan anapinduliwa siku ile ile ya kutawazwa, naye ni siku yake ya harusi. Anaondoka uhamishoni pamoja na mke wake Erine, wanazunguka nchi nyingine kutafuta msaada, na huko wanajifunza kwamba kila taifa lina shida zake na mawazo yake. Nguvu za Enzo zinatoka kwa mababu. Wale wanaosoma Kifaransa watafurahi, maana limeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza pia. Ila mjue lina mapigano mengi ya kidole haraka haraka, na maneno ya kusoma ni mengi. Ni la kijana mkubwa mwenye subira.

Brothers. Jina lake lote ni Brothers: A Tale of Two Sons, la mwaka 2013, kutoka Uswidi. Aliyeliongoza ni Josef Fares, mtu aliyezaliwa Lebanoni, akafika Uswidi akiwa mtoto wa miaka kumi kwa sababu ya vita. Yaani mkimbizi kama sisi. Habari ya gemu hili tutaieleza kwa urefu, maana hapo ndipo tulipofanya kosa.

KOSA LETU

Hatukupenda kuandika sehemu hii, lakini ukurasa unaoshauri wengine na kuficha makosa yake hauna faida. Tumepata ruhusa ya binti mwenyewe na ya bibi yake, nasi hatutaji jina wala kijiji.

Brothers tulilipenda kabla hata ya kulicheza. Hadithi yake ni ya ndugu wawili ambao baba yao ni mgonjwa, wanasafiri kutafuta maji ya mti wa uzima ili apone. Watu ndani yake wanazungumza lugha ya kubuni ambayo haipo duniani, kwa hiyo Mkongomani, Mrundi, Msudani wote ni sawa. Unaelewa kwa mikono na kwa uso. Tena linaisha kwa muda wa saa tatu au nne, na betri yetu inalimudu kwa siku mbili. Pedi ina vijiti viwili: cha kushoto kinamwongoza kaka mkubwa, cha kulia mdogo. Tukasema, hili ndilo. Tukaliweka Jumamosi, tukaita vijana kuanzia miaka kumi na tatu, na wa kwanza kushika pedi alikuwa binti wa miaka kumi na mitano.

Hatukuwa tumelicheza. Tulisoma maelezo tu.

Gemu linaanza kwa mdogo amepiga magoti mbele ya kaburi la mama yake. Anakumbuka. Wako baharini, kuna mawimbi, mama yuko ndani ya maji, naye ananyosha mkono kutoka kwenye mtumbwi, hamfikii. Mama anazama.

Binti aliweka pedi chini polepole, akatoka nje. Hakupiga kelele, hakulia mbele yetu. Bibi yake ndiye aliyetueleza jioni ile. Walivuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakati watu wa Ituri walipokuwa wakikimbia. Katika mtumbwi ule walipanda saba wa jamaa moja. Walifika watano.

Tuliona aibu kubwa. Tungeweza kujitetea kwamba hatukujua habari zake, lakini tunaishi katika kambi. Tulipaswa kujua kwamba katika chumba chochote chenye vijana ishirini hapa kwetu, kuna aliyevuka maji, kuna aliyejificha chini ya kitanda, kuna aliyeona nyumba ikiungua. Hadithi tupu haimgusi mtu, na ndiyo maana haina faida. Hadithi yenye nguvu inagusa, na ndiyo maana lazima mkubwa aipitie kwanza. Dawa kali haigawiwi kama pipi.

Tulikwenda kwa bibi kuomba msamaha. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akasema, "Mimi sina hasira. Lakini munijulishe kwanza siku ingine." Tulimwahidi, na leo tunawaahidi nanyi nyote.

Baada ya majuma mawili binti alirudi mwenyewe. Hakutaka kucheza. Alisimama kando ya meza akauliza swali moja: "Yule mdogo, anajifunza kuogelea?"

Safari hii tulikuwa tumelimaliza gemu, tukaweza kumjibu. Wale watakaolicheza watusamehe kwa kufunua mwisho. Tulimwambia: safari nzima mdogo anaogopa maji. Kila penye mto anashika mgongo wa kaka yake, wanavuka pamoja. Karibu na mwisho kaka anakufa. Mdogo anafika tena kwenye maji, peke yake, na hawezi kuingia. Ukibonyeza kitufe chake anakataa. Mpaka ubonyeze kitufe cha kaka yake, kile ulichokwisha kukiacha kwa sababu kaka hayupo tena. Hapo anaingia majini, anaogelea, anafika kwa baba na dawa.

Binti alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nitalicheza mwisho tu." Tulimwita bibi yake, wakakaa pamoja kwenye benchi moja. Hatutasema zaidi. Ila hatusemi kwamba gemu linaponya. Kwa majeraha ya moyo kuna washauri katika kituo cha afya, na mzazi anayeona mtoto halali au hasemi ampeleke huko mapema. Tunachosema ni kwamba hadithi inaweza kufungua mdomo uliofungwa, kama mkubwa yuko karibu, na kama mtoto mwenyewe ndiye amechagua saa yake.

MAGEMU YA VITA, TUSEMEJE?

Wengine wametuuliza juu ya magemu yanayosimulia vita upande wa raia, siyo upande wa askari. Yapo. This War of Mine, lililotengenezwa Polandi mwaka 2014, linamweka mchezaji katika nyumba iliyobomoka ndani ya mji uliozingirwa. Watengenezaji walichukua mfano wa Sarajevo, iliyozingirwa kuanzia 1992 mpaka 1996. Hapo hushiki cheo chochote. Unatafuta maji, dawa, kuni, na usiku unaamua kama utamwibia jirani mzee. Mwaka 2020 serikali ya Polandi ilitangaza kuliweka katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi, wale waliofikisha miaka 18. Lipo pia Bury Me, My Love, la mwaka 2017, ambalo ni ujumbe wa simu kati ya Nour, mwanamke Msiria aliye njiani kwenda Ulaya, na mume wake Majd aliyebaki. Lina miisho 19, na siyo yote ni ya heri.

Maoni yetu ni haya. Magemu hayo yana hadithi nzuri, na yametengenezwa ili watu wasiojua vita waijue. Mtoto wa Ulaya anajifunza kitu. Lakini mtu aliyeishi hayo anajifunza nini? Mtu mzima anayependa aamue mwenyewe, na wapo waliotuambia waliona heshima kwamba maisha yao yameandikwa. Kwa watoto wetu, sisi tunasema hapana. Waacheni waende kwenye barafu na Nuna kwanza.

NAMBA ZILIZO KWENYE KAVA

Wazazi wengi hawajui kwamba magemu yana namba za umri. Ulaya wanatumia alama iitwayo PEGI tangu mwaka 2003, na namba zake ni 3, 7, 12, 16 na 18. Maana yake siyo ugumu wa gemu. Maana yake ni kwamba lisichezwe na mtoto aliye chini ya umri huo. Kuna na picha ndogo: ngumi ni mapigano, buibui ni mambo ya kutisha. Wamarekani wana herufi tangu 1994: E ni la wote, T ni kuanzia miaka 13, M ni kuanzia miaka 17.

Shida yetu ni kwamba hapa magemu mengi yanakuja kwenye fleshi, hayana kava. Kijana ananakili kwa mwenzake, namba imebaki huko. Kwa hiyo mwulizeni jina la gemu, mliandike kwenye karatasi, mlete kwa vijana wa chumba cha kompyuta. Wanaweza kutafuta namba yake siku intaneti ikiwepo. Na mkumbuke kwamba fleshi ya kupita mikono kumi inaleta virusi, na kompyuta ikifa hapa kwetu hakuna wa kuifufua upesi.

MASHAURI YETU KWA KIFUPI

1. Mkubwa acheze kwanza mpaka mwisho, au aketi na aliyelimaliza asimuliwe yote, hasa mwanzo na mwisho.

2. Waambieni watoto mapema kuna nini ndani: maji, moto, kifo cha mzazi. Asiyetaka asilazimishwe, wala asichekwe.

3. Chagueni gemu linaloisha, na mpime kwa betri. Hadithi ya saa tatu ni Jumamosi mbili za mchana. Sola ya nyumba ni ya taa ya kusomea kwanza.

4. Angalieni lugha. Lenye maneno mengi linamfaa anayesoma. Lisilo na maneno linamfaa kila mtu. Lenye Kifaransa au Kiingereza chepesi ni shule pia.

5. Tafuteni la wawili. Mmoja acheze, wengine washauri, na pedi izunguke. Msiwasahau mabinti, tumeona mara nyingi wanasimama nyuma mpaka umeme unakwisha.

6. Jioni, ulizeni hadithi. Msiulize, "Ulishinda?" Ulizeni, "Ilikuwaje? Wewe ungefanya nini?"

7. Ulizeni kama linahitaji intaneti kila siku. Kama ndiyo, litakula pesa ya sabuni.

KIJANA WA KAMBINI ALIYETENGENEZA LAKE

Tunamalizia na habari inayotupa moyo. Yuko kijana wa Sudani Kusini aitwaye Lual Mayen. Alizaliwa wakati jamaa yake inakimbia, akakulia katika kambi hapa Uganda, upande wa kaskazini. Siku moja aliona kompyuta kwenye mahali pa kujiandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama hakucheka. Aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, akamnunulia laptopu. Umeme ulikuwa mbali, mwendo mrefu wa miguu kwenda kuchaji. Mmoja wa michezo ya kwanza aliyoiona ulikuwa wa bunduki na wizi wa magari. Akajiuliza: kama gemu linaweza kumweka mtu ndani ya vita, kwa nini lisimweke ndani ya amani? Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu aliloliita Salaam, na baadaye akaanzisha kampuni yake, Junub Games, huko Marekani. Mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe kubwa ya dunia ya magemu, The Game Awards.

Tukikumbuka yule mama wa dola 300, na yule mama wetu wa vikombe vya maharage, tunaona wote wawili wana mtoto anayependa skrini. Mama wa maharage tulikaa naye, pamoja na mwanawe. Tulikubaliana kwamba kibandani haendi tena na chakula cha nyumba. Jumamosi anakuja chumba cha vijana, na jioni lazima asimulie. Juma la kwanza alisimulia maneno matatu. Juma la tatu mama alituambia, "Sasa wadogo zake wananisumbua, wanataka kujua kama yule mbweha atarudi." Maharage, anasema, bado anayahesabu kila asubuhi. Na sisi tunamwambia aendelee kuyahesabu.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuwasomesha watoto wakati wa kuvuna. Wenye maswali au hadithi za kwao, za gemu au za bibi, wazitie katika sanduku la ukurasa huu kwenye mlango wa chumba cha vijana. Asiyeandika aje aseme, tutamwandikia. Mbaki na amani.